Nota zimegeuka visanduku: kusaka chanzo cha matatizo ya fonti kwenye programu za kuandikia muziki

Faili la wimbo limefunguka. Mistari mitano ipo, mistari ya baa ipo, lakini mahali pa ufunguo wa G pamekaa alama ya & na vichwa vya nota vimekuwa œ. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuifuta programu na kuisakinisha upya, wakapoteza nusu siku na mipangilio yao yote, kisha wakaikuta & palepale ilipokuwa. Usiguse kitu bado. Hicho kioja unachokiona ndicho ushahidi. Alama ya & ina chanzo chake, kisanduku kitupu kina chake, na nota iliyoachana na mkia wake ina chanzo tofauti kabisa. Piga picha ya skrini kwanza, halafu endelea kusoma.

Ili picha hiyo isomeke, ni lazima ujue nani anachora nini. Stafu yenyewe (ile mistari mitano), mikia ya nota, mihimili inayofunga kwava pamoja, mistari ya baa na matao huchorwa na programu moja kwa moja. Fonti huleta vichwa vya nota, funguo, shapu na flati, mapumziko, vibendera vya kwava iliyo peke yake, tarakimu za mapigo na alama za nguvu ya sauti kama mf. Ndiyo maana fonti ikikosekana ukurasa haubaki mweupe, hubaki mifupa. Ikiwa stafu ndiyo iliyopotea, fonti haihusiki. Angalia kwanza kama umeificha kwenye mipangilio ya ala husika.

Jambo la pili: programu haihifadhi picha ya ufunguo wa G. Huhifadhi namba, na pembeni yake jina la fonti itakayoigeuza namba hiyo kuwa umbo. Kwa hiyo kuna sehemu nne zinazoweza kuharibika: namba yenyewe, faili la fonti, vipimo vinavyosafiri pamoja na fonti, na njia ambayo ukurasa hutokea nayo, yaani PDF au printa. Kila dalili hapa chini inatoka kwenye mojawapo ya hizo.

Naona &, œ au Ï mahali pa nota

Dalili hii inatokana na historia. Fonti ya kwanza ya muziki kutoka Adobe, Sonata, iliyobuniwa na Cleo Huggins katikati ya miaka ya 1980, ilipanga alama kwenye vitufe vya kibodi kwa namna inayokumbukika: & kwa ufunguo wa G kwa sababu vinafanana, ? kwa ufunguo wa F, # kwa shapu, b kwa flati, n kwa naturali. Petrucci na Maestro, fonti za programu ya Finale, zilifuata mpangilio uleule. Ndani ya fonti hizo, kichwa cheusi cha nota kinakaa kwenye namba 207. Ukiiondoa Maestro na kuweka fonti ya kawaida, namba 207 inarudi kuwa herufi. Herufi gani? Inategemea orodha ya herufi iliyotumika kuisoma. Kwa orodha ya zamani ya Mac, 207 ni œ. Kwa orodha ya Windows, 207 ni Ï.

Kwa hiyo unaweza kuyasoma makosa yenyewe. Herufi ya kwanza ni ya Mac, ya pili ni ya Windows:

œ au Ï: kichwa cheusi cha nota
˙ au ú: kichwa cha minimu
Œ au Î: pumziko la krocheti
‰ au ä: pumziko la kwava
Ó au î: pumziko la minimu
∑ au ·: pumziko la baa nzima
ƒ au Ä: ff
π au ¹: pp
F na P: mf na mp, kwa orodha zote mbili

Ukiona herufi za orodha hii, furahi: namba ziko salama, kilichopotea ni jina la fonti tu. Chagua maandishi hayo, yape Maestro (au fonti nyingine ya ukoo wa Sonata), na yatarudi. Kama kompyuta haina Maestro, isakinishe kwanza. Bado halijatengemaa kwa kudumu, hata hivyo. Alama iliyoandikwa kama herufi iliyovishwa fonti itavuliwa tena siku faili likihamia kompyuta nyingine. Dawa ya kudumu ni kufuta maandishi hayo na kuweka alama halisi kutoka kwenye paleti ya programu, ili mf iwe mf badala ya herufi F iliyovaa koti.

Tatizo hili limeongezeka tangu Agosti 2024, MakeMusic, watengenezaji wa Finale, walipotangaza kuisitisha, na watu wakaanza kuhamisha kazi zao kwa MusicXML, muundo wa faili unaosomeka na programu nyingi za muziki. Nota zenyewe huhama vizuri, kwa sababu MusicXML husema «nota, sauti hii, urefu huu» bila kutaja umbo lolote. Kinachovurugika ni maelezo yaliyoandikwa kwa mkono: «krocheti = 96» juu ya stafu, au alama za nguvu zilizotengenezwa kama maandishi ya kawaida. Ukitaka uhakika, lifungue faili la .musicxml kwa kihariri cha maandishi (lile la .mxl ni zip, lifungue kwanza) na utafute neno font-family. Juu kabisa utakuta mstari wa music-font wenye jina kama Maestro. Huo hauna tatizo. Zile font-family zilizo ndani ya vipengele vya words ndizo zitakazokuletea Ï.

Usijaribu kuzibadilisha zote kwa mkupuo mmoja wa kutafuta na kubadilisha. Herufi Ï haionekani kwenye maneno ya Kiswahili, hivyo ingeonekana salama, lakini F na P ni herufi halali, na utaharibu majina ya sauti na ya watunzi kabla hujatambua.

Kama bado unatumia Finale na fonti ya muziki ya mtu mwingine inaonyesha herufi zenye vitone hata baada ya kusakinishwa, angalia faili liitwalo MacSymbolFonts.txt kwenye folda za Finale. Humo mmeorodheshwa fonti ambazo Finale inapaswa kuziona kuwa za alama wala si za herufi. Fonti isiyokuwemo husomwa kama maandishi, na namba zake hutafsiriwa kutoka orodha moja kwenda nyingine bila wewe kuombwa ruhusa. Ongeza jina la fonti kwenye mstari wake mwenyewe, kama linavyosomeka kwenye menyu ya fonti, hifadhi, kisha funga Finale na kuifungua upya.

Naona visanduku vitupu

Kisanduku kinasema kinyume cha &: namba imefika, lakini hakuna fonti iliyo na umbo la namba hiyo. Karibu kila mara huu ni ulimwengu mpya, wa SMuFL.

SMuFL ni mpangilio wa pamoja wa fonti za muziki ulioasisiwa na Daniel Spreadbury katika kampuni ya Steinberg na kutangazwa 2013. Siku hizi unatunzwa na kikundi cha nukuu za muziki cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Uliziondoa alama kwenye vitufe vya kibodi na kuzipeleka kwenye eneo la Unicode (orodha ya kimataifa ya namba za herufi) lililoachwa wazi kwa matumizi binafsi, kuanzia U+E000. Ufunguo wa G ni U+E050, ufunguo wa F ni U+E062, kichwa cheusi cha nota ni U+E0A4, flati ni U+E260, naturali U+E261, shapu U+E262. Fonti za Bravura, Leland, Petaluma na Finale Maestro ya tangu toleo la 27 la Finale zote zinakubaliana juu ya namba hizi, na ndiyo sababu unaweza kubadilisha fonti ya wimbo mzima kwa kubofya mara moja.

Lakini eneo la matumizi binafsi lina gharama. Unapoandika é na fonti yako haina é, kompyuta huiazima kwenye fonti nyingine kimyakimya. Kwa U+E050 haiwezi kufanya hivyo kwa uhakika, maana haijui namba hiyo ina maana gani. Kwa fonti nyingine huenda ni mshale au kitufe cha menyu. Kwa hiyo unapata kisanduku, au mara chache picha isiyohusiana kabisa na muziki. Ukikuta picha ya ajabu katikati ya kichwa cha wimbo, fahamu kuwa kompyuta imeazima kwa jirani asiye sahihi.

Sababu zilizo za kawaida ni tatu. Ya kwanza, fonti ya SMuFL haipo kwenye kompyuta hiyo. Ya pili, ipo lakini ni ya toleo la zamani, na alama uliyoitumia iliongezwa baadaye. Hapa utaona nota zote ziko sawa isipokuwa alama moja au mbili adimu. Ya tatu, na hii huwachanganya watu, umechanganya vizazi viwili: maandishi yana namba za SMuFL ila fonti iliyochaguliwa ni Maestro ya zamani au Opus (fonti ya programu ya Sibelius), ambazo hazina kitu kwenye U+E050. Majina yanafanana mno. Maestro na Finale Maestro si fonti moja, na kosa la kuchagua moja badala ya nyingine ni rahisi kulifanya.

Kuna namba nyingine za muziki ndani ya Unicode nje ya eneo hilo: ♭ ni U+266D, ♮ ni U+266E, ♯ ni U+266F, na tangu 2001 kuna eneo zima la U+1D100 hadi U+1D1FF. Hizi kompyuta inazijua na huziazima. Dalili yake si kisanduku. Ni flati iliyo nyembamba au nene kuliko jirani zake, au iliyokaa juu kidogo ya mstari, kwa sababu imetoka kwenye fonti nyingine kabisa. Ukiona kwenye kichwa cha wimbo «Si ♭ kubwa» ambapo flati inaonekana kama ngeni, ipe fonti ya maandishi ya muziki: Bravura Text, Leland Text au ndugu yake.

Neno Text hapo lina uzito. Kwenye Bravura ya kawaida, alama zimepangwa kwa ajili ya stafu: ufunguo wa G umewekwa ili mstari wa msingi wa maandishi uwe mstari wa G, hivyo sehemu yake huning'inia chini, na nafasi ya juu na chini ya kila mstari ni kubwa mno. Ukiibandika Bravura ndani ya Word au LibreOffice, mistari itaachana kana kwamba umeruka mistari kadhaa. Tumia ndugu yake wa Text, aliyetengenezwa kukaa katikati ya sentensi.

Fonti nimeiweka, programu haiioni

Kwenye Windows anza na hili: tangu Windows 10 toleo 1809, kubofya fonti mara mbili na kuchagua Install huiweka kwa mtumiaji mmoja tu, ndani ya folda yake ya AppData. Programu fulani, hasa za zamani, huangalia C:\Windows\Fonts peke yake. Ifute, kisha bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague Install for all users. Funga programu ya muziki kabisa na kuifungua tena. Nyingi husoma orodha ya fonti mara moja tu, zinapowaka.

Kwenye Linux weka fonti ndani ya ~/.local/share/fonts, andika fc-cache -f, halafu fc-list | grep -i bravura. Usipoona jibu hapo, hakuna programu yoyote itakayoiona. Kwenye Mac, fungua Font Book na uangalie kama kuna onyo la nakala mbili: Opus ya zamani na Opus mpya zikikaa pamoja, huwezi kujua ipi inayotumika, na hilo ndilo huleta matatizo yanayotokea leo na kutoweka kesho.

Programu ya Dorico ina sharti la ziada. Fonti ikisakinishwa peke yake itaonekana kwenye fonti za maandishi lakini haitaonekana kwenye Music Fonts, kwa sababu Dorico inahitaji faili la vipimo vyake, la aina ya JSON. Faili hilo linakaa hapa:

Windows: C:\Program Files\Common Files\SMuFL\Fonts\Bravura\Bravura.json
Mac: /Library/Application Support/SMuFL/Fonts/Bravura/Bravura.json

Jina la folda na jina la faili lazima vilingane na jina la fonti. Wengi hukwama hapa, maana fonti nyingi hupakuliwa zikiwa na faili lililoitwa bravura_metadata.json au metadata.json. Libadilishe jina. Kama Windows inaficha viambishi vya mafaili, hakikisha hujatengeneza Bravura.json.json bila kujua.

Kwa programu ya MuseScore, matoleo yake ya zamani huonyesha tu fonti za muziki zilizokuja nayo: Leland, Bravura, Emmentaler, Gonville, MuseJazz, Petaluma na nyingine chache. Kama unatumia toleo kama hilo na fonti yako haimo kwenye orodha ya Format, Style, Score, si kosa la usakinishaji.

Mkia umeachana na kichwa cha nota

Hapa fonti ipo, namba ziko sahihi, na umbo linaonekana. Kilichoharibika ni vipimo. Ugonjwa huu unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu wengi huulaumu umbo la fonti bure.

Kipimo cha msingi ni nafasi moja ya stafu, yaani umbali kati ya mstari na mstari. Kimo cha stafu nzima ni nafasi nne, na katika SMuFL kimo hicho ndicho ukubwa wa fonti. Nafasi ikiwa milimita 1.75, stafu ni milimita 7, na fonti ya muziki inachapwa kwa takriban pointi 19.8. Faili la JSON la Bravura linasema kichwa cheusi cha nota kinamalizikia kulia kwenye nafasi 1.18, na kwamba kona ya chini kulia ya mkia unaopanda ishike hapo: mlalo 1.18, wima 0.168. Unene wa mkia ni 0.12. Mstari wa stafu ni 0.13, na mhimili wa kwava 0.5.

Sasa tuseme umeweka fonti nyingine yenye kichwa chembamba cha upana wa 1.00, lakini programu bado inasoma vipimo vya Bravura. Mkia utaanzia 1.06 na kuishia 1.18. Kati ya kichwa na mkia patabaki 0.06 ya nafasi, ambayo kwa stafu ya milimita 7 ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye skrini huioni. Kwenye karatasi, mwimbaji ataona kila nota ina mpasuko mweupe, na hatajua kwa nini ukurasa unamchosha macho. Kichwa kikiwa kipana, tuseme 1.30, mkia utazama ndani yake na kuacha donge likichomoza kulia.

Suluhisho ni kuhakikisha fonti na JSON vimetoka kwenye toleo moja la kifurushi kimoja. Usiwahi kunakili JSON ya fonti nyingine na kuibadilisha jina ili tu Dorico ikubali. Itakubali kweli, na ndipo mikia itakapoachana. Kwenye MuseScore, unapobadilisha fonti ya alama, kuna kisanduku cha tiki kinachoruhusu mtindo ufuate fonti. Kisipowekwa tiki, unene wa mikia na mistari unabaki wa fonti ya zamani: vichwa vinene vya Bravura juu ya mistari myembamba iliyopangwa kwa nyingine.

Mistari ya stafu mingine minene, mingine myembamba

Mara nyingi huu si ugonjwa. Mstari wa milimita 0.23 kwenye skrini ya nukta 96 kwa inchi hauenei hata nukta moja, kwa hiyo skrini inabahatisha. Kuza hadi asilimia 200. Printa ya nukta 600 ina zaidi ya nukta tano kwa mstari huohuo, na tofauti itaisha. Kama karatasi nayo inaonyesha hivyo, umechapa picha ya PNG badala ya PDF.

Maneno ya wimbo yamesukuma nota, kurasa zimeongezeka

Wimbo ulikuwa kurasa mbili, kwenye kompyuta ya pili umekuwa tatu. Faili la MuseScore, Sibelius au Dorico halibebi fonti za maandishi ndani yake. Silabi zina upana, na upana huo hutokana na fonti. Times New Roman ikikosekana na nafasi yake kuchukuliwa na DejaVu Serif, ambayo ni pana zaidi, kila silabi inadai nafasi na nota zinaachana. Kwa Kiswahili athari ni kubwa, kwani karibu kila nota ina silabi yake na maneno ni marefu. Kwenye Linux andika fc-match "Times New Roman" na utaambiwa ni fonti gani itakayoshika nafasi. Ikiwa ni Liberation Serif, upana wa herufi ni uleule na kurasa hazitabadilika.

Kwa wimbo wa zamani uliofunguliwa ndani ya MuseScore 3.6 au 4, kumbuka pia kwamba programu hupendekeza kuhamia Leland kwa alama na Edwin kwa maandishi, badala ya Emmentaler na FreeSerif. Ukikubali bila kusoma, mpangilio wote utasogea. Kwa vitabu vya kwaya ambavyo tayari vimechapwa, kataa, ili namba za kurasa zibaki zilezile.

Herufi zetu zina mitego michache. Alama ya ng' mara nyingi hunakiliwa kutoka Word ikiwa imepindwa upande usio wake, au imeandikwa kwa kitufe cha ` kilicho pembeni ya 1; kwenye fonti za zamani ikawa kisanduku katikati ya «ng'ombe». Iandike upya ndani ya programu ya muziki kwa kitufe chenyewe cha '. Tao dogo la kuunganisha silabi mbili kwenye nota moja, kama «ku‿abudu», ni U+203F, na si kila fonti ya maandishi inalo. Kwenye Sibelius huandikwa kwa mstari wa chini _, kwenye LilyPond (programu ya kuandika muziki kwa msimbo wa maandishi) kwa ~. Likitokea kisanduku au pengo, badilisha fonti ya maneno, usifute tao. Mwimbaji anahitaji kuona kwamba silabi mbili ni za nota moja.

Wanaoandika sol-fa chini ya stafu wana shida yao. Alama ya ' ya do ya juu hugeuzwa na programu kuwa nukuu iliyopinda, sehemu moja kushoto, sehemu nyingine kulia, na d' zikaonekana hazifanani. Zima nukuu za kujipinda, au tumia U+2032 kila mahali. Kwa s₁ ya chini, usibandike ₁ kutoka kwenye intaneti. Fonti nyingi za maandishi hazina umbo hilo. Andika 1 ya kawaida na uishushe kwa kitufe cha herufi ndogo ya chini. Na usipange sol-fa kwa kubonyeza nafasi nyingi: ziandike kama maneno ya wimbo, silabi moja kwa kila nota, ili nota ndizo zizipange. Nafasi ya kweli ndani ya silabi, kwa MuseScore, ni Ctrl na kitufe cha nafasi.

Kodi za gitaa zinazoonyesha «Bb» badala ya B yenye flati ni jambo jepesi: ziliandikwa kama maandishi ya stafu. Zifute, chagua nota, bonyeza Ctrl+K na uandike Bb hapo. Programu itaigeuza yenyewe.

LilyPond inatumia fonti nisiyoichagua

LilyPond haitakuambia kwamba jina la fonti ya maandishi limekosewa. Itachukua iliyo karibu na kuendelea. Endesha lilypond -dshow-available-fonts na unakili jina kama lilivyo, pamoja na nafasi zake. Fonti za muziki zinazoongezwa hukaa ndani ya folda ya toleo husika, fonts/otf, kwa hiyo ukisasisha LilyPond hubaki nyuma. Na ikiwa fonti ya nje inaonekana dhaifu kwenye stafu ndogo, sababu ni kwamba Emmentaler, fonti ya muziki ya LilyPond yenyewe, imechorwa kwa saizi nane, kuanzia 11 hadi 26, kila moja na unene wake. Fonti nyingi za nje zina mchoro mmoja tu unaokuzwa na kupunguzwa.

Kwangu iko sawa, stesheneri imetoka vibaya

Usipeleke faili la programu kwenye flashi. Peleka PDF iliyotolewa kwa Export ya programu yenyewe, kuliko ile inayopitia printa bandia ya Windows. Kabla ya kuondoka nyumbani, ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, na uende kwenye Fonts. Kila fonti, ya muziki na ya maneno, inapaswa kuwa na maneno Embedded Subset pembeni. Kwenye Linux, pdffonts wimbo.pdf itakuonyesha safu ya emb. Unataka yes kila mstari. Penye no, kompyuta ya stesheneri itaweka fonti yake, na utarudi kwenye & na visanduku.

Fonti isiyokubali kupachikwa huenda ina katazo ndani yake, lililowekwa na mtengenezaji. Katazo hilo huwezi kulizunguka kihalali, badilisha fonti. Bravura, Petaluma na Leland zina leseni huria ya SIL na hupachikwa bila kizuizi.

Ikiwa fonti zote zimepachikwa na bado printa inatoa nota zilizokosa vichwa, kasoro iko kwenye printa. Kwenye dirisha la kuchapa la Adobe Reader ingia Advanced na uweke tiki Print As Image, kwa nukta 600. Uchapaji utakuwa wa polepole, hivyo chapa ukurasa mmoja kwanza, uangalie kichwa cha nota moja kwa karibu, ndipo uagize nakala za kwaya nzima.